Makueni si namba 16

Mwaka 1992 Makueni ilikatwa kutoka Machakos ikawa wilaya inayojitegemea. Muda si mrefu baadaye Mwingi nayo ikakatwa kutoka Kitui. Leo Makueni ni kaunti, na Mwingi si kaunti. Mgeni anayeshuka Mwingi mjini kutoka kwenye basi la Garissa, akaona maduka, benki na stendi ilivyojaa, hawezi kuiona sababu kwa macho. Sababu imo kwenye orodha. Jedwali la Kwanza la Katiba ya Kenya ya 2010 linataja kaunti 47 kwa majina, kuanzia Mombasa hadi Nairobi, na majina hayo yalifuata wilaya zilizotambuliwa na sheria ya mwaka 1992. Makueni iliwahi, Mwingi ikachelewa. Kitui ni ya 15, Machakos ya 16, Makueni ya 17, na Mwingi imo ndani ya Kitui.

Orodha ya namna hiyo, ambayo wanachama wake wote wametajwa mapema na hakuna mwingine anayeweza kujipenyeza, ndiyo waandishi wa programu wanayoiita enamu. Siku za wiki ni enamu. Awamu za ukame ni enamu. Klasi ni jambo jingine, au ndivyo wengi tulivyofundishwa: ni ramani ya fundi, ambayo kwayo unajenga vitu vingi upendavyo, kila kimoja kikiwa na data yake na matendo yake. Swali linalowagawa watu wa kazi hii ni kama enamu ihesabiwe kuwa klasi au iachwe kuwa orodha ya majina tu. Ukilisikia juu juu utadhani ni ubishi wa istilahi. Mimi nimeona matokeo yake katika data ya wakulima wa Ukambani, na ndiyo maana naandika kulihusu.

Nimeweka sauti mbili mezani. Moja ni ya mwalimu wa kompyuta wa Kitui, mtu mzima, aliyejifunza kazi kwa lugha ya programu ya Pascal. Ya pili ni ya fundi wa Makueni, mwanamke kijana anayeandika programu za vyama vya ushirika. Si watu fulani. Ni hoja ambazo nimezisikia miaka mingi, nami nimezipa midomo.

MWALIMU: Naanza na dogo. Niklaus Wirth alipotuletea Pascal mwaka 1970 alituwezesha kusema: aina hii ina thamani hizi tano, basi. Hakusema kila thamani ni kitu chenye mifuko ya kubebea mizigo. Ukitaka kubeba, kuna rekodi. Ukitaka kutenda, kuna utaratibu. Kila chombo na kazi yake. Klasi, binti yangu, ni kitu cha kuzaa. Unaita kijenzi chake, unapata kitu kipya. Unakiita tena, unapata kingine. Enamu haizai. Kitu kisichozaa utakiitaje klasi?

FUNDI: Mwalimu, kuzaa ni ruhusa, na ruhusa inaweza kuondolewa. Tazama wilaya zetu. Kabla ya 2010 wilaya ilikuwa klasi yenye kijenzi kilicho wazi kwa mtu mmoja: Rais anasimama jukwaani, anatangaza, wilaya inazaliwa. Zilifika zaidi ya 200. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ikaamua kwamba zile zilizoundwa nje ya sheria ya 1992 hazikuwa halali. Kisha Katiba ikaja ikafunga mlango. Sasa hata mpaka wa kaunti hausogei bila tume huru kupendekeza, na theluthi mbili za Bunge la Taifa na za wajumbe wa kaunti katika Seneti kukubali. Ndivyo Kifungu cha 188 kinavyosema. Je, kwa kuwa kaunti haizaliwi tena jukwaani, imeacha kuwa na makao makuu, bunge na wadi? Kitui ina maeneobunge 8 na wadi 40. Makueni ina maeneobunge 6 na wadi 30. Hizo ni data, na kila kaunti inabeba zake. Kaunti ni klasi yenye vitu 47 kamili, na kijenzi chake kimefungiwa ndani.

MWALIMU: Hiyo ni lugha ya Java unayosema.

FUNDI: Ndiyo, na historia yake inanisaidia. Kabla ya 2004 Java haikuwa na enamu. Watu waliandika namba: Jumatatu ni 0, Jumanne ni 1. Mwaka 2001 Joshua Bloch, katika kitabu chake *Effective Java*, akaonyesha njia bora: andika klasi ya kawaida, kijenzi chake ukifiche, kisha wewe mwenyewe utengeneze vitu vyake vichache na uvitoe hadharani. Java 5 ilipotoka mwaka 2004 ilichukua mbinu hiyo ikaiingiza ndani ya lugha. Kwa hiyo katika Java enamu ilitoka tumboni mwa klasi. Mtoto huyo utamwambia si wa ukoo?

MWALIMU: Nitamwambia ni wa ukoo wa Java, asije akadai urithi nyumbani kwa Pascal. Lakini umetaja data ya kaunti, na hapo ndipo ninapoogopa. Kaunti ina gavana. Kitui ilianza na Julius Malombe mwaka 2013, ikaja kwa Charity Ngilu mwaka 2017, ikarudi kwa Malombe mwaka 2022. Makueni ilikuwa na Kivutha Kibwana vipindi viwili, kisha Mutula Kilonzo Junior. Ukimfundisha mwanafunzi kwamba enamu ni klasi, jambo la kwanza atakalofanya ni kumweka gavana ndani ya enamu, kwa sababu klasi zote alizoziona zina data inayobadilika. Na kwa kuwa Kitui ni moja tu katika programu nzima, sehemu moja ikimbadilisha gavana, sehemu zote zimebadilishiwa bila kuambiwa. Ripoti ya 2019 itachapishwa ikiwa na jina la gavana wa 2022. Kosa hilo utalitafuta wiki nzima. Orodha ya majina matupu haiwezi kukufanyia hivyo, kwa sababu haina pa kuficha kitu.

Hoja hii ni nzito na sikubali ipite haraka. Java inaruhusu kabisa enamu yenye data inayobadilika, kompaila, yaani programu inayotafsiri msimbo wako na kuukagua, haitakuzuia. Wanaotetea enamu kama klasi mara nyingi huliruka jambo hili kana kwamba nidhamu ya mwandishi itatosha. Nidhamu haitoshi saa nane za usiku, ripoti inapotakiwa asubuhi. Waliolishughulikia kwa uangalifu, kwa maoni yangu, ni watu wa lugha ya PHP. Enamu ziliingia katika PHP 8.1, Novemba 2021. Ndani zimejengwa juu ya klasi: kila mwanachama ni kitu, enamu inaweza kuwa na matendo na thamani za kudumu, na inaweza kuahidi kutimiza mkataba kama klasi yoyote. Lakini hairuhusiwi kuwa na data inayobadilika, haijengwi kutoka nje, na hairithiwi. Walichukua nyumba ya klasi wakaondoa chumba chenye moto.

FUNDI: Mwalimu, hapo nakubali. Gavana si wa kaunti kwa maana ya enamu. Gavana ni wa kipindi, akae kwenye hifadhidata pamoja na tarehe zake. Ndani ya enamu naweka kile tu ambacho kikibadilika, basi nchi yenyewe imebadilika: namba ya kaunti katika Katiba, jina lake, makao yake makuu. Makueni ni 17, na makao yake makuu ni Wote. Je, hivyo navyo tuvitenge?

MWALIMU: Vitenge. Andika utaratibu mmoja unaopokea kaunti na kurudisha namba.

FUNDI: Na anayesahau kuuita utaratibu huo?

Hapa niingilie mwenyewe, kwa sababu jibu la swali hilo nililiona kwa macho. Ilikuwa programu ya kusajili wakulima, mwenyewe simtaji. Aliyeiandika alitaja kaunti kwa mpangilio wa Katiba, majina matupu, kama Mwalimu anavyopenda. Kisha programu ikahifadhi nafasi ya kila jina. Lakini kompyuta huanza kuhesabu na sifuri. Mombasa ikawa 0, Kwale 1, na kuendelea, hadi Kitui ikawa 14 na Makueni 16. Upande wa pili kulikuwa na programu nyingine inayotoa ripoti, nayo ilitumia namba rasmi, zinazoanza na 1. Ikasoma 14 ikaandika Embu. Ikasoma 16 ikaandika Machakos.

Wakulima wa Wote, Kathonzweni na Kibwezi wakawa watu wa Machakos, kama vile mwaka 1992 haujafika. Kosa la Mombasa lingeonekana mara moja, kwa sababu hakuna kaunti ya sifuri. La Makueni lilikaa, kwa sababu Machakos na Makueni ni majirani, majina ya wakulima yanafanana, Mutua huku na Mutua kule, na afisa aliyepitia ripoti hakuona cha kushangaza. Lililoshtua watu ni Embu: iliwezekanaje Embu iwe na wakulima wengi wa ndengu wenye anwani za Mutomo na Ikutha? Nilikuwa nimekaa mbele ya kiwambo, kidole kwenye safu ya mistari, nikihesabu kwa sauti kutoka Mombasa. Nilipofika Makueni nikasema kumi na saba, na kiwambo kikasema kumi na sita.

Kama kaunti ingekuwa klasi iliyobeba namba yake, 17 ingesafiri pamoja na Makueni kila ilikokwenda.

MWALIMU: Hapana, usiniwekee kosa lisilo langu. Ugonjwa huo ni wa kuchanganya jina na namba, na dawa yake si lazima iwe klasi. C ndiyo iliyotuharibia, kwa kuifanya enamu iwe namba nzima iliyovaa kanzu. C++ ya mwaka 2011 ililitibu hilo: enamu mpya haigeuki kuwa namba mpaka uiamrishe. Na sikiliza, wameiandika kwa neno klasi ndani yake, lakini huwezi kuipa tendo hata moja. Ni klasi kwa jina tu. Kwa hiyo unaweza kuziba tundu bila kujenga nyumba nzima.

FUNDI: Umeziba tundu moja. Twende kwenye ukame, Mwalimu, tuone kama litatosha.

Ukame ndio mahali mjadala huu unapoacha kuwa wa darasani. Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame hutoa taarifa kila mwezi kwa kaunti kame na nusu kame, Kitui na Makueni zikiwamo. Kila taarifa inaiweka kaunti katika awamu mojawapo kati ya tano: Kawaida, Tahadhari, Hatari, Dharura na Nafuu. Zimefungwa tano, hakuna ya sita. Miongoni mwa vinavyopimwa ni hali ya uoto kama inavyoonekana kutoka kwenye setilaiti, kwa kipimo cha 0 hadi 100. Kikishuka chini ya 35, huo ni ukame wa kadiri. Chini ya 20, ukame mkali. Chini ya 10, ukame uliokithiri. Huongezwa mvua, umbali wa maji, bei ya mbuzi, bei ya mahindi na hali ya lishe ya watoto. Baada ya hayo yote linatoka neno moja.

FUNDI: Sasa zipange kama majina yenye nafasi. Kawaida 1, Tahadhari 2, Hatari 3, Dharura 4, Nafuu 5. Mwandishi mmoja anasema: awamu ikiwa 4 au zaidi, malori ya maji yatoke. Nafuu ni 5. Mvua imenyesha, vidimbwi vimejaa, na malori bado yanatoka, kwa sababu kwa hesabu yake Nafuu imeipita Dharura kwa ubaya. Mwingine anatafuta wastani: eneo moja liko Tahadhari, jingine liko Dharura, mbili na nne ni sita, gawa kwa mbili, kaunti iko Hatari. Hakuna kijiji hata kimoja kilicho katika Hatari! Enamu yako ya C++ itawazuia kujumlisha, sawa. Lakini nani atawaambia awamu ipi ni mbaya kuliko ipi? Hilo ni jambo ambalo awamu yenyewe inapaswa kulijua. Nipe klasi, niandike tendo moja linaloitwa "ni mbaya kuliko", nilifunge humo humo, na mtu yeyote atakayeshika awamu atakuwa ameshika na jibu lake.

MWALIMU: Na vipimo? Utafungia humo pia kwamba umbali wa maji ukizidi kilomita kadhaa ni Hatari?

FUNDI: Nilidhani hivyo mwanzoni.

MWALIMU: Ndiyo, na ukakosea. Umbali wa kawaida wa kwenda kisimani Mbooni milimani si umbali wa kawaida wa Kitui Kusini. Taarifa zile hulinganisha kila kaunti na hali yake yenyewe ya miaka iliyopita, tena kwa msimu. Kipimo hicho si cha awamu. Ni cha mahali na wakati. Ukikifungia ndani ya awamu, umeifanya Mutomo ipimwe kwa kibaba cha Mbooni. Unaona klasi inavyovuta? Ukiwa na mfuko unataka kuujaza.

Hapo sauti ya tatu iliingia bila kualikwa. Ni ya mama wa Mutomo, mwenye ng'ombe wawili, mbuzi kumi na mmoja na shamba la ndengu.

MAMA: Mwalimu, na wewe binti yangu, mimi hiyo enamu siijui. Simu inaniletea ujumbe kwamba kaunti iko Tahadhari. Basi? Tahadhari inataka nifanye nini na mbuzi wangu?

FUNDI: Uza sasa, mama. Uza wale wazee na madume ya ziada wakiwa bado na mwili na bei ikiwa bado ya haki. Ukingoja Hatari mtauza wote siku moja, na bei itaanguka.

MAMA: Mbona ujumbe haukusema hivyo?

Nawaomba wasomaji wenzangu tukae kidogo na swali la mama huyu. Kila awamu, kwa waliozipanga, ina kazi zake. Katika Kawaida watu hujiandaa: mabwawa huchimbwa, mbegu huwekwa. Katika Tahadhari visima vinavyosuasua hutengenezwa na wafugaji huhimizwa kupunguza mifugo mapema. Katika Hatari mifugo hununuliwa kwa mpango na maji huanza kusombwa. Katika Dharura ni chakula na fedha za kuokoa maisha. Katika Nafuu mbegu hurudi shambani na mifugo hurudi zizini. Jina bila kazi yake ni nusu ya habari. Ujumbe wa mama ulikuwa nusu kwa sababu programu ilijua majina matano tu. Kazi za kila jina ziliandikwa mahali pengine, na aliyeunda ujumbe wa simu hakujua mahali hapo pako.

MWALIMU: Nakubali habari ilikuwa nusu. Sikubali sababu. Siku hizi kompaila inaweza kukulazimisha kujibu kila mwanachama wa enamu. Katika Java yenyewe, tangu toleo la 14 la mwaka 2020, swichi inayorudisha jibu haikubaliki ukisahau awamu moja. Rust haina klasi hata moja, na enamu zake zinatunzwa vizuri kuliko za lugha nyingi, kwa sababu kompaila haikuachi uruke tawi. Andika utaratibu wa ujumbe, toa majibu matano, ukisahau moja programu haijengeki. Mama angepata ujumbe wake bila klasi.

FUNDI: Kompaila inamlinda aliyeanza kuandika utaratibu, Mwalimu. Haimlindi yule ambaye hakujua kwamba upo. Mwenye ujumbe wa simu alichukua jina akalituma, akaona kazi imekwisha. Kama angeandika awamu, nukta, na programu ya kuandikia msimbo ikafungua orodha mbele ya macho yake, "ni mbaya kuliko", "kazi za mfugaji", "kazi za mkulima", angeona kuna kitu cha kutuma. Mahali pa kwanza mtu anapotafuta ni kwenye kitu alichoshika mkononi.

Mwalimu hakujibu hilo, nami nadhani halina jibu. Akageukia upande mwingine, na huko alikuwa na haki zaidi kuliko popote.

MWALIMU: Basi nionye jambo moja. Mkishaipenda enamu hii yenye nguvu mtaifungia kila kitu. Wakamba hawakuzifunga njaa zao katika orodha. Kila yũa, yaani njaa, ilipokuja ilipewa jina lake: Ngomanisye ya mwishoni mwa miaka ya 1890, iliyoenea kila mahali, na Nĩkw'a ngwete ya miaka ya 1980, ambayo mtu alikufa njaa na pesa akiwa nazo mkononi. Jina lilikuja baada ya njaa. Hakuna aliyeketi chini akaziorodhesha mapema. Hiyo ndiyo klasi ya kweli, na mlango wake, kwa bahati mbaya, haujawahi kufungwa. Awamu ni tano, lakini yũa hazina idadi. Mwandishi asiyeona tofauti hiyo atatuletea enamu ya njaa, na njaa ijayo haitakuwa na mahali pa kuandikwa.

FUNDI: Ni kweli. Mimi nilifanya hivyo kwa maembe. Niliandika enamu ya aina za embe kwa chama kimoja cha wakulima: Ngowe, Apple, Kent, Tommy Atkins. Nikaridhika. Msimu uliofuata mkulima akaja na miti aliyoibebesha Keitt, na karani akamwandika Kent kwa sababu ndilo jina lililokaribia. Ilibidi nivunje orodha, niihamishie kwenye hifadhidata, karani aongeze mwenyewe.

MWALIMU: Huyo Wirth niliyemtaja, alipotengeneza Oberon miaka ya 1980, aliziondoa enamu kabisa. Aliona kwamba orodha iliyofungwa katika moduli moja haiwezi kupanuliwa na moduli nyingine, na lugha yake yote ilijengwa juu ya kupanua. Aliyezileta ndiye aliyezitoa.

FUNDI: Basi Mwalimu, hata mtu wako hakubaki na orodha yako.

MWALIMU: Hakubaki nayo. Wala hakuigeuza kuwa klasi.

Sasa niseme ninaposimama. Mwalimu ana haki kuhusu gavana, kuhusu umbali wa kisima na kuhusu yũa. Hata hivyo namwacha katika jambo lenyewe, na linalonifanya nimwache ni sarufi ambayo kila mtoto wa Kitui na Makueni anaikalia darasani.

Sisi tuna neno ngeli. Ngeli za Kiswahili zinahesabika. Mwalimu huziandika ubaoni, A-WA, KI-VI, LI-YA na wenzake, na ubao unatosha. Kikamba nacho kina zake: mũndũ na andũ, mũtĩ na mĩtĩ, kĩndũ na syĩndũ. Maneno huja kila mwaka. Kompyuta ilikuja, simu ilikuja, intaneti ikaja, na hakuna hata moja iliyokuja na ngeli yake. Kila moja ilitafutiwa nafasi katika zilizopo. Orodha imefungwa kuliko hata ile ya kaunti. Lakini nani atasema ngeli ni jina tupu? Ukitamka kiti, KI-VI inashika kivumishi, inashika kitenzi, inashika kionyeshi: kiti hiki kizuri kimevunjika. Ukibadili ngeli, sentensi nzima inabadilika. Kila ngeli imebeba viambishi vyake, na hatumwachii msemaji avitafute kwenye jedwali la mbali kila anapofungua kinywa.

Kwa hiyo wazo la kundi lililofungwa, lenye wanachama wanaohesabika, na kila mwanachama akibeba matendo yake, si geni kwetu. Anayekulia ndani ya lugha hizi amelitumia kabla ya kujua kusoma. Enamu ni klasi. Ni klasi iliyofungiwa kijenzi, isiyorithiwa, na isiyoweka ndani yake kitu kinachobadilika. Lugha inayoiacha enamu kuwa majina matupu inamwachia mwandishi kazi ambayo ataifanya vibaya, na hasara haitaonekana ofisini kwake. Itaonekana Mutomo, mama akiwa ameshika simu isiyomwambia auze mbuzi.

Ombi langu ni kwa walimu wa programu, kuanzia vyuo vya ufundi hadi Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya pale Kwa Vonza. Mkifika kwenye somo la enamu, msianze na siku za wiki. Anzeni na kaunti 47. Mwacheni mwanafunzi aziandike kwa mpangilio wa Katiba, majina matupu, ahifadhi nafasi ya Makueni, kisha aisome kwa namba rasmi. Ikitoka Machakos, mwambieni sasa aandike enamu ambayo kila kaunti imebeba namba yake, na asome tena.